Kipaumbele kwenye swichi: kwa poti, kwa 802.1p au kwa DSCP?

Mafundi wenzangu wa hapa Mbeya, Iringa na Njombe hunipigia na swali ambalo maneno yake hayabadiliki sana: "Kaka, nimefungua ukurasa wa QoS kwenye swichi, nimekuta machaguo matatu. Nichague lipi?" QoS ni mipangilio ya kuamua pakiti (vipande vya data) zipi zitangulie kutoka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi. Machaguo yenyewe ni kipaumbele kwa poti, yaani tundu la waya, na kipaumbele kwa 802.1p au kwa DSCP, ambazo ni alama zinazoandikwa kwenye data yenyewe. Zamani nilikuwa nataja moja na kukata simu. Siku hizi nauliza kwanza foleni ya pakiti inajengwa wapi, maana nimeshashuhudia kazi ya siku nzima kwenye swichi isiyomsaidia mtu hata mmoja.

Anayesafiri barabara kuu kutoka Uyole kupita Mafiati hadi Mbalizi ananielewa haraka. Gari la wagonjwa likipita hapo saa nane usiku, king'ora hakiongezi kitu, njia ni nyeupe. Saa kumi na moja jioni king'ora kinafanya kazi, lakini kinafanya kazi pale tu penye msongamano. Ukiweka askari wa kulifungulia njia Mbalizi wakati malori yamekwama Mafiati, mgonjwa hatafika. Swichi ni hivyohivyo. Kipaumbele kinaamua nani atoke kwanza kwenye poti yenye foleni, na kama poti haina foleni, mipangilio yako yote haina la kuamua.

Foleni tatu, dawa tatu

Nianze na ofisi moja ya ushirika wa akiba na mikopo karibu na Mwanjelwa. Ghorofa mbili, simu za IP (zinazopita kwenye mtandao) za mezani 14, kamera 9, kompyuta ishirini na kitu. Kila ghorofa ina swichi yake, na waya mmoja unaziunganisha. Niliitwa kwa sababu sauti ilikuwa inakatakata kila alasiri. "Shikamoo mama," nikamsalimu mhasibu. "Marahaba mwanangu. Hizi simu zinatuaibisha mbele ya wanachama, mtu anauliza salio lake anasikia nusu ya jibu."

Niliingia kwenye swichi ya chini nikatazama kasi ya poti inayopanda juu. Ilisoma megabiti 100 kwa sekunde, wakati swichi zote mbili ni za gigabiti 1. Gigabiti kwenye waya wa shaba inahitaji jozi zote nne za nyuzi. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Jozi moja ilikuwa imekatika kwenye kichwa cha waya, swichi zikaafikiana kushuka. Kamera tisa za megabiti 4 kila moja zilikuwa zinachukua 36 kati ya hizo 100, na kila alasiri kompyuta za juu zilikuwa zinatuma nakala rudufu kwenye seva iliyo chini. Poti ikajaa.

Hapo kipaumbele kilikuwa na kazi ya kufanya, na nilipokiweka simu zilipona ndani ya dakika chache. Lakini nilibana kichwa kipya cha waya pia, na kwa haki hicho ndicho kilichoondoa tatizo. Kipaumbele kilibaki kama kinga ya siku kiungo kitakapojaa tena. Kwa hiyo kabla ya kufungua ukurasa wa QoS, fungua ukurasa wa hali ya poti, soma kasi, soma idadi ya pakiti zilizotupwa. Ukikuta poti ya gigabiti inayosoma 100, tafuta koleo la kubania vichwa kwanza.

Foleni ya pili niliikuta nyumba ya wageni Mafinga. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari amenunua swichi ya gharama kubwa kwa ushauri wa mtu, na video za wageni bado zilikuwa zinagandaganda. Intaneti yake ilikuwa megabiti 10 kupakua na 2 kupakia. Ndani ya nyumba kila kitu ni gigabiti 1. Swichi ya namna hiyo haijui hata kwamba intaneti ni ndogo: inapokea pakiti na kuzipeleka kwa ruta papo hapo. Foleni inajengwa kwenye ruta, au ndani ya kifaa cha mtoa huduma.

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo. Pakiti ya baiti 1500 inachukua mikrosekunde 12 kutoka kwenye poti ya gigabiti 1. Kwenye njia ya kupakia ya megabiti 2 inachukua milisekunde 6, mara mia tano zaidi. Na kama ruta ina bafa (hifadhi ya pakiti zinazosubiri) ya baiti 250,000 na mgeni mmoja anapakia video, bafa ikijaa inahitaji sekunde nzima kumwagika. Kila atakayeongea kwa simu ya intaneti atasikika baada ya sekunde hiyo. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lake la G.114, inataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri.

Dawa ya Mafinga ilikuwa ruta inayojua kupanga foleni: nilibana kasi ya kupakia chini kidogo ya ile halisi, ili foleni ijengwe kwenye ruta yangu badala ya kifaa cha mtoa huduma, kisha nikaiwekea CAKE, kanuni ya kugawa zamu kwenye foleni. Ruta za MikroTik zenye programu ya RouterOS 7 zinayo, pamoja na mwenzake fq_codel. Zinagawa zamu kwa haki bila wewe kuandika kanuni ishirini. Swichi ya mama ile ilibaki ikifanya kazi ya swichi. Iliniuma kwa ajili ya fedha zake.

Foleni ya tatu ndiyo inayowapotosha hata mafundi wazoefu. Shule moja upande wa Tukuyu ina majengo mawili yaliyotenganishwa na bonde, na kati yake kuna redio mbili zinazotazamana. Poti ya swichi inayoingia kwenye redio inasoma gigabiti 1, na taa ni ya kijani. Lakini hewani redio zinapitisha megabiti 40 siku nzuri na pungufu siku mbaya, kwa sababu redio hushusha kasi yenyewe mawimbi yakidhoofika. Swichi inaona barabara ya njia nne, haioni daraja la njia moja lililo mbele. Inamwaga kila kitu kwenye redio, redio inajaa, inatupa.

Njia ya kuliondoa hilo ni kuweka kikomo cha kasi upande wa kutoka kwenye poti hiyo ya swichi. Niliweka megabiti 30. Kuanzia hapo foleni inajengwa ndani ya swichi, na foleni nne za swichi zinapata kazi. Kumbuka kuweka kikomo kwenye swichi za pande zote mbili za bonde, kwa sababu kipaumbele hupangwa pakiti inapotoka, na kila upande una kutoka kwake. Nilisahau upande wa pili mara ya kwanza. Walimu wa jengo la chini wakawa wanasikika vizuri huku wao wenyewe hawasikii.

Sasa machaguo matatu, bega kwa bega

Ukishajua foleni iko kwenye swichi kweli, au umeihamishia hapo, ndipo swali la wenzangu linapata maana: swichi itambue vipi pakiti ya simu kati ya pakiti zote? Kwenye jedwali hili, VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya mtandao uleule, na fremu ni bahasha inayobeba pakiti kwenye waya.

| | Kwa poti | 802.1p | DSCP |
|---|---|---|---|
| Utambulisho uko wapi | Kwenye tundu ulilochomeka | Biti 3 ndani ya lebo ya VLAN | Biti 6 kwenye kichwa cha pakiti ya IP |
| Ngazi | Kadiri ya foleni za swichi | 0 hadi 7 | 0 hadi 63 |
| Inavuka ruta? | Hapana | Hapana | Ndiyo, isipofutwa njiani |
| Simu na kompyuta kwenye waya mmoja | Haitofautishi | Inatofautisha | Inatofautisha |
| Anayeweza kujipendelea | Mwenye kuhamisha waya | Anayetuma fremu zenye lebo | Programu yoyote inayojua kuandika alama |

Kipaumbele kwa poti kinadharauliwa kwa sababu ni rahisi. Mimi nakiheshimu. Unasema poti ya 3 ni ya juu, basi. Chochote kinachoingia kupitia tundu hilo kinahesabiwa cha juu, hakihitaji kuandikwa alama wala kuaminiwa. Kwa kituo cha afya chenye simu mbili tu na swichi ya poti nane, sioni sababu ya kuhangaika na kingine. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza, simu nyingi za mezani zina tundu la nyuma ambalo kompyuta huchomekwa, kwa hiyo waya mmoja unaleta vyote viwili, na ukiipandisha poti unapandisha pia filamu anayoipakua karani. Ya pili, utambulisho unaishia kwenye swichi hiyo. Pakiti ikifika swichi inayofuata ni pakiti kama nyingine, labda na huko uwe na poti maalumu ya simu. Pia mtu akifagia ofisi na kurudisha nyaya kwenye matundu mengine, mpangilio umekufa na hakuna atakayejua.

802.1p inaishi ndani ya lebo ya baiti nne ambayo 802.1Q huiongeza kwenye fremu. Lebo hiyo ina biti 12 za namba ya VLAN na biti 3 za kipaumbele, ndiyo maana ngazi ni nane. Uzuri wake unaonekana ofisi inapokuwa na VLAN ya simu: swichi inaitangazia simu kwa LLDP-MED, lugha ya kutambulishana kati ya swichi na simu, kwamba VLAN yako ni namba fulani na ngazi yako ni 5, simu inatuma fremu zenye lebo, kompyuta iliyo nyuma yake inatuma bila lebo, na swichi inazitenganisha bila shida. Ukishakuwa na VLAN ya simu, 802.1p imekuja nayo bure.

Lakini hakuna lebo, hakuna kipaumbele. Kompyuta ya kawaida haitumi lebo. Pakiti ikitoka kwenye poti isiyo na lebo, zile biti tatu zinaondoka pamoja na lebo. Ikivuka ruta, ni hivyohivyo. Halafu kuna mtego wa namba: watu hudhani 0 ni ya chini kabisa. Kwa mpangilio wa asili wa kiwango hicho, 1 ndiyo ya chini, ya kazi za nyuma ya pazia, na 0 ni ya kawaida iliyo juu yake. Swichi nyingi za foleni nne huweka 1 na 2 chini kabisa, kisha 0 na 3, kisha 4 na 5, kisha 6 na 7. Fundi akiandika 1 kwenye kompyuta za wahasibu akidhani amezipandisha juu ya 0, amezishusha chini ya kila mtu.

DSCP imekuwepo tangu RFC 2474, waraka wa viwango vya intaneti wa Desemba 1998. Inakaa kwenye kichwa cha pakiti yenyewe ya IP, ya toleo la 4 na la 6, kwa hiyo haijali kama fremu ina lebo au haina, na inavuka ruta. Simu nyingi za IP zinatoka kiwandani zikiwa zimeandika 46 kwenye sauti. Yealink, kwa mfano, huandika 46 kwenye sauti na 26 kwenye ishara za kupiga. Huna haja ya kugusa simu moja moja. Kwa ofisi yenye swichi zaidi ya moja na ruta inayojua kusoma alama, hili ndilo chaguo langu, na ndilo nililoliweka Mwanjelwa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu DSCP ina mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye boksi la swichi.

La kwanza ni uaminifu. Alama imeandikwa na mtumaji. Kompyuta ikiandika 46 kwenye kila inachopakua, swichi inayoamini kila kitu itaipisha. Swichi kubwa zinakuruhusu kuamini poti moja na kutoiamini nyingine: amini poti za simu na za kuunganisha swichi na swichi, futa alama zinazoingia kutoka mahali ambapo wanafunzi au wageni wanachomeka. Swichi ndogo nyingi za bei nafuu hazina mpaka huo, ukiwasha DSCP zinaamini poti zote. Kwa chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, hilo peke yake linanirudisha kwenye kipaumbele kwa poti.

La pili ni sauti inayokuja kutoka nje. Simu yako inaandika 46 ikituma. Sauti ya mteja anayejibu kutoka Dar es Salaam imepita kwa watoa huduma, na mara nyingi alama imefutwa ikawa 0. Matokeo yake unasikika vizuri wewe, lakini humsikii mwenzako pale kiungo cha ndani kinapojaa. Malalamiko ya namna hiyo yakija, nenda kwenye ruta uiagize iandike 46 upya kwenye pakiti zinazotoka kwenye anwani ya seva ya simu, ndipo ziingie kwenye swichi. Ruta ikiwa haiwezi, chomeka ruta kwenye poti uliyoipa ngazi ya kati, ingawa hapo unazipandisha na pakiti nyingine zote za intaneti.

La tatu ni jedwali la kubadilisha alama kuwa foleni. Namba ni 64, foleni ni nne au nane. Swichi inayogawa namba 64 kwa mafungu manne sawa itaweka 46 kwenye fungu la tatu, yaani 32 hadi 47, wakati fungu la juu linaanzia 48. Ukiwa umeliacha jedwali la kiwandani, simu zako hazipo juu kabisa. Zoom inapendekeza 56 kwa sauti na 40 kwa video. Kwa jedwali lile, sauti ya Zoom itaipita simu ya mezani. Huenda ndivyo unavyotaka, huenda sivyo. Lisome jedwali. Likiwa linabadilishika, ipandishe 46.

Nani anahudumiwa kwanza, na kwa kiasi gani

Baada ya kutambua, swichi inahitaji kanuni ya kuhudumia foleni. Kwenye menyu utaona SP na WRR.

SP ni mkubwa kwanza: foleni ya juu ikiwa na pakiti hata moja, za chini zinasubiri. WRR ni zamu kwa uzito. Uzito wa 1, 2, 4 na 8 hukutana nao sana. Jumla ni 15, kwa hiyo foleni zote zikijaa ya juu inapata takribani asilimia 53, inayofuata 27, kisha 13, na ya chini kabisa 7. Hakuna inayokufa njaa.

Mafundi wengi wanaiogopa SP kwa sababu wamesikia inaua foleni za chini. Inaua ukiijaza. Sauti ya G.711, mfumo unaotumika sana kubeba sauti ya simu, kwa mpangilio wa kawaida ni pakiti 50 kwa sekunde, na ukijumlisha vichwa vyote hadi vya Ethernet ni takribani kilobiti 87 kwa kila upande wa simu. Simu 14 zikiongea zote kwa pamoja ni megabiti 1.2. Kwenye kiungo cha 100 hilo ni tone, SP haiwezi kumdhuru mtu. Kamera tisa za megabiti 36 kwenye SP ni jambo jingine kabisa, zinakula zaidi ya theluthi ya kiungo kabla mtu mwingine hajahudumiwa, na kamera hata haina haraka hiyo: picha ikichelewa robo sekunde kufika kwenye kinasa hakuna anayepata hasara.

Kwa hiyo, swichi ikiruhusu mchanganyiko, sauti peke yake iende SP na vingine vyote WRR. Isiporuhusu, ukalazimika kuchagua moja kwa swichi nzima, naweka WRR kama kuna video kwenye foleni za juu, na SP kama foleni ya juu ni ya simu tu. Na usiweke kila bosi kwenye foleni ya juu. Nimeombwa hivyo mara nyingi, na huwa namweleza mhusika kwa heshima kwamba ofisi nzima ikiwa juu, hakuna aliye juu.

Zima pia udhibiti wa mtiririko wa 802.3x kwenye poti zinazobeba simu. Ule ujumbe wa kusimamisha husimamisha poti nzima, sauti ikiwemo, kwa sababu haujui foleni.

Kuhusu Wi-Fi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa swichi haina mamlaka hewani. Huko WMM, mfumo wa kipaumbele wa Wi-Fi, ina madaraja manne, na kwa ubadilishaji wa kawaida wa biti tatu za mwanzo, 46 inakuwa 5, nayo 5 kwenye Wi-Fi ni daraja la video, si la sauti. RFC 8325 ya mwaka 2018 iliandikwa kurekebisha mgongano huo. Kama kifaa chako cha Wi-Fi kina jedwali la kubadilisha, peleka 46 kwenye 6.

Swichi yenyewe

Kwa ofisi ndogo, swichi za poti nane zinazosimamiwa kwa kivinjari, kama TL-SG108E ya TP-Link, zinatosha: zina machaguo yote matatu, foleni nne, na kikomo cha kasi kwa poti. Sijawahi kujuta kuzifunga, ili mradi nimekubali kwamba hazina mpaka wa uaminifu.

Cisco Catalyst 2960 zilizotumika zinapatikana, na ni imara. Mtego wake umewaangusha wengi. Zikitoka kiwandani QoS imezimwa, na alama zinapita bila kuguswa. Ukiandika `mls qos` pekee, unaiwasha, na kuanzia sekunde hiyo poti zote haziaminiwi: alama zinazoingia zinafutwa kuwa 0. Fundi anawasha kipaumbele na simu zinakuwa mbaya kuliko jana. Lazima uandike `mls qos trust dscp` kwenye poti za simu na za kuunganishia, na `priority-queue out` ili foleni ya kwanza ihudumiwe mbele ya nyingine.

Swichi za MikroTik za familia ya CRS zina lao. Mtu anayezijua ruta zao anazoea foleni za programu, anaziandika kwenye swichi, hazifanyi kazi. Pakiti zinazopita kwenye chipu ya swichi haziguswi na foleni hizo, kwa sababu hazifiki kwenye prosesa. Kuna mipangilio tofauti ya QoS ya chipu kwenye RouterOS 7, na si kila modeli inayo. Angalia modeli yako kabla hujamwahidi mteja.

Ningekuwa wewe

Zahanati au duka lenye swichi moja na simu chache zisizo na kompyuta nyuma: kwa poti. Shule yenye chumba cha kompyuta na swichi ya bei nafuu: kwa poti pia, ukiziinua poti za ofisi na za walimu tu. Ofisi ya ghorofa mbili au zaidi yenye simu za mezani: VLAN ya simu na DSCP, ukiamini kwa poti. Majengo yaliyounganishwa kwa redio: kikomo cha kasi kwanza, kisha DSCP. Na kama lalamiko lako ni intaneti kuwa nzito wakati ndani mambo ni safi, fedha ya swichi mpya peleka kwenye ruta.

Usiondoke bila kupima. Chukua kompyuta mbili, jaza kiungo kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kisha mtu apige simu wakati kiungo kimejaa. Washa Wireshark, programu ya kusoma pakiti, kwenye upande wa kupokea, chuja kwa `ip.dsfield.dscp == 46`. Ukikuta orodha tupu wakati simu inaendelea, kuna mahali alama inafutwa, na utafuata njia swichi kwa swichi hadi upaone. Ukiiona alama na pakiti za sauti hazipotei huku za iperf3 zinatupwa, umemaliza kupanga.

Kisha hifadhi mipangilio. Kwenye swichi nyingi kubofya kitufe cha kutekeleza hakuandiki kitu kwenye kumbukumbu ya kudumu. Kuna ukurasa mwingine wa kuhifadhi, na kwenye Cisco ni `copy running-config startup-config`. Huku kwetu msimu wa mvua radi zikianza kupiga upande wa Loleza, umeme hukatika na kurudi mara tatu alasiri moja. Mara moja nilipokea simu kutoka ofisi niliyokuwa nimeifunga siku mbili kabla. "Fundi, kamwene. Zimerudia kukatakata." Umeme ulikatika usiku, swichi ikaamka ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Siku hizi kabla sijafunga kabati naichomoa swichi kwenye umeme mwenyewe, nasubiri iwake, na napiga simu ya majaribio mara ya pili.